Safari Haitajwi

Nyumbani kwa Mzee Msellem, safari ilikuwa haitajwi mpaka msafiri arudi. Mtu akienda mjini Chake kununua sabuni, majirani waliambiwa yupo shamba. Akienda Unguja kutibiwa, waliambiwa kalala. Bi Time, mkewe, aliwahi kwenda Tanga kumzika dada yake akakaa huko wiki mbili, na Kengeja nzima ikaamini kwamba yumo ndani anaumwa na meno.

Hakuzaliwa na tabia hiyo. Miaka sita nyuma mwanawe mkubwa, Othman, alipata kazi Maskati, na Mzee Msellem akafanya kama wafanyavyo watu: akachinja mbuzi, akasomesha dua, akaaga kijiji kizima na Kisiwa Panza pia. Siku ya tatu Othman alirudi na begi lake begani. Karatasi za kazi zilikuwa za uongo, na mbuzi alikuwa keshaliwa. Tangu hapo Othman akaitwa Maskati, akahamia Wingwi kwa wakweze kulima, na hadi leo akija Kengeja watoto humpokea njiani, "Shikamoo, Maskati." Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Kwa hiyo Suhaila, binti yake, mwanafunzi wa udaktari mwaka wa tano, wa mwisho, chuoni Unguja, alipokuja likizo na habari kwamba ameomba nafasi ya kwenda kujifunza upasuaji wiki sita katika hospitali kubwa ya Dar es Salaam, Mzee Msellem alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akainuka, akafunga mlango wa mbele, akafunga na dirisha.

"Nani mwengine ajua?"

"Chuoni wanajua, baba. Na mwalimu wangu aliyeniandikia barua."

"Hapa Kengeja nauliza."

"Hakuna."

"Basi neno hili lisivuke kizingiti hiki. Na weye Bi Time, hasa weye."

"Mie n'na nini?" Bi Time aliuliza.

"Una mdomo."

Suhaila aliitaka nafasi ile mpaka mwenyewe akaona haya. Alikuwa mfupi. Wanafunzi wakiingizwa chumba cha upasuaji husimama nyuma, safu mbili au tatu, na katika miaka yote ile alichokiona vizuri ni migongo ya wenzake na viwiko vya daktari. Siku moja tu muuguzi mmoja alimhurumia akampa kigoda. Akaona mikono yenye glavu ikiingia ndani ya mtu na kutoka, na mtu yule, ambaye asubuhi alikuwa anakufa, jioni akaomba chai. Kule Dar mwanafunzi mgeni hunawa, huvaa, husimama mezani penyewe, na akionekana ana mkono mtulivu huachiwa kushona ngozi. Nafasi zilikuwa nne. Huombwa mara moja tu, mwaka wa mwisho, na baada ya hapo mtu hupelekwa kazini popote atakapopangiwa.

Tena kulikuwa na Mzee Masoud, nyumba ya tatu kutoka kwao. Alikuwa na ngiri mwaka wa kumi na mbili. Mkono wake wa kulia ulikuwa ndani ya shuka saa zote, umeikamata isishuke, na mkono wa kushoto haufai kumpa mtu. Basi aliacha kwenda penye watu. Kisu alikiogopa, na wanaokishika hakuwajua. Suhaila akipita alimwona amekaa peke yake nyuma ya nyumba, na kila alipomwona vidole vyake vilimwasha.

Vidole hivyo alivizoesha kazi. Alifunga uzi kwenye mguu wa kiti cha babake, akawa anapiga mafundo ya kushonea, kwa mkono mmoja, kwa mikono miwili, bila ya kutazama, fundo juu ya fundo, mpaka mguu wa kiti ukavimba.

Siku ya pili Bi Mwatum, jirani yao, alipiga hodi na kuingia kabla ya kujibiwa, kama desturi yake. Akamkuta binti wa watu kakaa chini peke yake, midomo inahesabu polepole, anafunga mafundo. Bi Mwatum akarudi nyuma hatua mbili.

"Qul audhu birabbil falaq," akasema, na akaimaliza sura yote pale pale mlangoni, akilikazia lile la wachawi wapulizao mafundoni.

Bi Time alitoka jikoni mbio. Kusema kweli hakuruhusiwa, na uongo haukumjia upesi.

"Ashona wavu huyo," akasema.

"Wavu? Mwana wa mkulima?"

"Ndo ajifunza."

Bi Mwatum aliutazama mguu wa kiti, akamtazama Suhaila, akaaga bila ya kuchukua chumvi aliyoijia. Baada ya hapo Suhaila alihamishwa chumba cha ndani, kiti na uzi wake, na pazia likashushwa.

*

Nyumba yao ilikuwa bondeni. Simu janja ya Suhaila ikifika pale hufa, na kila alasiri alipanda hadi nyuma ya skuli kutazama kama Dar wamejibu. Lakini kitochi cha baba yake, cha miaka mingi, kilichofungwa mpira wa manati kisifunguke, kilishika mtandao hata chini ya kitanda. Kwa sababu hiyo, chini ya fomu ya maombi, pale palipotakiwa simu ya mzazi au mlezi, Suhaila aliandika namba ya kitochi. Hakumwambia baba yake. Hakudhani kwamba kuna mtu duniani anayezipigia namba zile.

Jumatatu alipanda nyuma ya skuli, hakuna kitu. Jumanne akapanda mara mbili. Aliposhuka mara ya pili baba yake alikuwa kajaa furaha fulani aliyoificha, na furaha ile akalala nayo, mpaka Jumatano wakiwa kwenye sinia la muhogo wa nazi ndipo alipoitoa.

"Jana wamenijia," akasema, na akacheka peke yake. "Wamenichimba, hawakupata kitu."

"Nani hao?" Bi Time akauliza.

"Mwanamke kapiga simu, nipo shamba. Kiswahili chake cha bara, laini, kama asali. Aniuliza, weye ndiye mzazi wa Suhaila Msellem? Nikamwambia, kwani weye n'nani? Aniambia yeye ataka kuhakikisha tu ile safari. Mie nikajua, huyu katumwa. Mtu kashanusa. Nikamwambia, safari gani? Mwanangu yupo hapa nyumbani, amenya muhogo. Akasema, kwa hiyo mzee huna habari ya safari yoyote? Nikamwambia, bibi, hapana mtu anayesafiri nyumba hini, na asiyeamini na aje aone. Kimya! Akasema ahsante, akakata."

Bi Time alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Mzee Msellem alitwaa kipande cha samaki akakiweka upande wa binti yake, kwa mapenzi.

Suhaila alikuwa na tonge mdomoni. Lilikaa humo.

"Baba, nipe simu yako nitazame saa."

Namba ilikuwa imo bado. Ilikuwa namba ya mezani, inaanza na sifuri mbili mbili. Aliisoma mara tatu, akaishika moyoni, akarudisha simu, akanawa mikono na kusema tumbo linamsokota kidogo.

*

Nyuma ya skuli jua lilikuwa kali na ukuta ulikuwa wa moto. Simu iliita mara sita, ikapokewa, naye akajitaja.

"Suhaila Msellem?" mwanamke wa upande wa pili alisema. Alijitaja kuwa ni Rahma, wa ofisi ya wanafunzi wageni. "Ee, dada yangu. Siku mbili tunakutafuta, hupatikani. Ulipata. Ulikuwa wa tatu kwenye orodha."

"Nimepata?"

"Ulikuwa umepata. Tukampigia mzazi wako kuthibitisha, akasema hakuna safari. Akasema unamenya muhogo."

"Alikuwa anaficha tu, dada. Kwetu safari haitangazwi."

"Anatuficha sisi tuliokuita?"

Suhaila alifungua mdomo aeleze, na akaona hakuna namna ya kulieleza jambo lile likaeleweka Dar. Angeanza wapi? Angeanza na mbuzi?

"Mwaka juzi," Rahma aliendelea, na hakusema kwa ukali, "tulipokea binti ambaye wazazi wake walikuwa wanamtafuta hadi polisi. Tangu hapo, mzazi akikana, tunamwita anayefuata. Ameshathibitisha jana mchana. Ameshakata tiketi."

"Nitasimama nyuma tu," Suhaila akasema. "Sitaki kuhesabiwa, dada. Sitaki kushika kitu. Mniache nisimame nyuma niangalie."

Karatasi zilisikika zikigeuzwa upande wa pili.

"Hata wa nyuma wana idadi yao, mdogo wangu," Rahma akasema. "Pole sana."

Aliposhuka bonde alikuwa na maneno tayari. Alikuwa na hasira safi, ya haki, na njia nzima aliyapanga: wewe, baba, na kufunga kwako milango, wewe na mbuzi wako. Alimkuta baba yake anamngoja chumba cha ndani, mlango wa mbele keshaufunga, kakaa kwenye kiti chenye mguu uliovimba, na kitochi kimelala gotini.

"Wamesema n'ni wale?" akauliza kwa sauti ya chini. "Wamejibu?"

Uso wake ulikuwa wazi kabisa. Suhaila alimtazama, na yale maneno aliyoyapanga hayakuona pa kutokea.

"Wamejibu, baba. Nafasi zimejaa."

Mzee Msellem alipangusa goti lake ambalo halikuwa na vumbi.

"Haya. Kheri iko kwa Mungu. Lakini umeona? Bora hatukumwambia mtu. Leo ungeitwa Dar weye."

Suhaila akacheka, kwa kuwa kilichobaki kilikuwa ni kulia. Baba yake alipotoka, akalala na viatu vyake.

*

Alhamisi alitwaa wembe akakata mafundo yote ya mguu wa kiti, moja moja, kwa utaratibu. Ilimchukua asubuhi nzima. Kiti akakirudisha ukumbini.

Adhuhuri Mzee Msellem alikaa juu yake, akapitisha mkono chini kama alivyozoea siku zile, na mkono ukakuta mti mtupu. Akainama akatazama. Kwenye jaa nje aliona fungu la uzi limetupwa na maganda.

"Mbona hafungi tena?" alimuuliza mkewe.

"Kwani afunge mafundo ya n'ni, na nafasi zimejaa?" Bi Time akajibu, lakini hakumtazama. "Wallahi mie sijui kusoma, lakini najua kuhesabu. Mwanamke wa bara kapiga Jumanne. Jumatano mwana kaomba simu, katoka tonge mdomoni. Karudi, nafasi zimejaa."

Mzee Msellem alivaa kofia yake, akaenda dukani kwa Hamdan akanunua vocha, na badala ya kurudi nyumbani akapita nyuma ya migomba, mbali na masikio ya watu. Bi Time alimwona kwa mbali kasimama, kavua kofia mbele ya simu.

Jioni hakula. Alisema kafunga sunna, na jua lilipotua hakufuturu.

*

Ijumaa wanaume walikwenda msikitini na wanawake wakabaki na vyungu. Suhaila alikuwa amekaa uani anamenya muhogo. Hili alilifahamu na lilimchoma. Kipaza sauti cha msikiti kilikuwa kibovu upande mmoja, lakini kwa bonde lile kilitosha. Sala ikaisha. Shehe wa msikiti akawaombea dua wagonjwa, akatangaza mbuzi aliyepotea mwenye sikio lililokatwa. Kisha akasema, "Mzee Msellem ana neno."

Bi Time alikuwa anachota maji. Kata ilisimama hewani.

Mzee yule alikuwa hajatia neno lolote katika kipaza sauti kile tangu siku ya mbuzi wa Othman. Mwanzo kilisikika kikohozi tu.

"Assalaam alaykum. N'na binti, jina lake Suhaila," akasema. "Mwajua asoma udaktari. Hamjui kuwa ataka kuwa mpasuaji. Hamjui kwa kuwa mie nimewaficha. Aliomba kwenda Dar kusomeshwa kazi hiyo, na akapata. Katika watu wote hao, kapata. Wakanipigia simu mie baba yake kuniuliza, nami nikakana. Nikaogopa vinywa vyenu. Nikasema mwanangu hasafiri, amenya muhogo. Wakampa mtu mwengine nafasi yake."

Mtu mmoja alikohoa msikitini, akanyamaza.

"Mwanangu kajua. Hakunambia. Kanambia nafasi zimejaa, asinitie huzuni. Jana nimempigia yule bibi, nimemwomba msamaha, na yeye kanambia mzee, maji yameshamwagika. Basi nakuja kwenu. Othman mlimwita Maskati, na mie niliona uchungu. Huyu, mkitaka kumwita Dar, mwiteni. Lakini kwanza nyanyueni mikono mumwombee Mungu ampe pengine. Na mie mniombee, kosa ni langu."

Shehe akaomba. Amin ya wanaume ikatoka msikitini, ikashuka bondeni, ikafika uani. Bi Time aliitikia kwa sauti kubwa kuliko ilivyo desturi kwa mwanamke aliye uani kwake. Suhaila hakuitikia. Kisu kilikuwa mkononi na muhogo ulikuwa mkononi, na macho hayaoni kimoja wala kingine.

Alasiri wakaja. Bi Mwatum alikuwa wa kwanza, na safari hii alisubiri hodi yake ijibiwe.

"Kumbe yale mafundo ni ya kushonea watu!" akasema, akijipiga kifua. "Nami nimekusomea Falaq usiku na mchana ulimi ukakauka. Mungenambia, si ningeyasomea yakaze!"

Mzee Masoud naye alikuja. Hakuingia. Alisimama kizingitini, mkono wa kulia umo ndani ya shuka, wa kushoto kaushikilia ukuta.

"Huko utakako kwenda," akauliza, "watu wenye maradhi kama yangu hupasuliwa wakapona?"

"Hupona, mzee. Na si lazima huko. Hata hospitali ya Mkoani hapo madaktari wapo, wataimaliza kwa saa moja."

"Siwajui hao." Akafikiri. "Mie n'takusubiri weye."

Suhaila akamwambia asimsubiri, itachukua miaka, ngiri haisubiri mtu. Mzee Masoud akatikisa kichwa kwa upole, kama mtu aliyekwisha panga foleni.

*

Kulikuwa na hospitali nyingine bara, ndogo kuliko ile, yenye nafasi mbili na waombaji wengi, na maombi yake yalikuwa yafungwe mwisho wa mwezi. Suhaila alijaza fomu nyuma ya skuli, na baba yake alitaka kuwepo. Alipofika pale penye simu ya mzazi au mlezi, Suhaila alisimama kidogo. Mzee Msellem akageuza uso, akajifanya anatazama mbuzi wa watu.

Suhaila akaandika namba ya kitochi.

"Zisome," baba yake akasema, bado katazama mbuzi. Alimsomea namba moja moja, na yeye akazihesabu kwa vidole. "Watapiga lini?"

"Labda hawatapiga, baba. Hupiga wakinikosa mimi, au wakinichagua."

Tangu siku hiyo kitochi hakikutoka mfuko wa kifuani. Kilikwenda shamba, kilikwenda kisimani. Msikitini alimwomba Shehe ruhusa ya kutoka nje kikilia, na Shehe, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akakubali. Usiku kililala kwenye mto. Mafundo yakarudi kwenye mguu wa kiti, ukumbini safari hii, pazia limefunguliwa, na watoto wa jirani wakawa wanakuja kuyahesabu.

Siku ya kumi na moja, wakati wa alasiri, kikalia. Mzee Msellem alikuwa barazani anachonga mpini wa jembe. Alisimama mpini ukaanguka, akakichomoa kitochi kifuani, na hakungoja hata salamu.

"Naam! Ndo mie Msellem, baba yake Suhaila! Safari naijua! Mwanangu aja kwenu kujifunza kupasua, na mie mzee wake nimeridhia, na kijiji kizima kimeridhia!"

Suhaila alikuwa keshafika mlangoni, uzi mkononi. Bi Time alikuwa nyuma yake, unga mikononi. Upande wa pili ikasikika sauti nzito ya mwanamume. Alikuwa mnunuzi wa ndizi kutoka Mkoani. Alikuwa anauliza kama ile mikungu mitatu ya mkono wa tembo imekomaa.

Mzee Msellem alikiondoa kitochi sikioni akakitazama. Akamtazama binti yake pale mlangoni. Suhaila alijaribu kutabasamu, na uzi ulikuwa umemzunguka kidole mpaka kidole kimekuwa cheupe.

Mzee akakirudisha kitochi sikioni.

"Ndizi zipo, yakhe," akasema. "Lakini kwanza nikwambie. N'na binti mie."

Akakaa kitako barazani, akamwambia yote.